Set na Run: Historia ya Maneno Mafupi katika Kamusi Kubwa ya Kiingereza

Katika toleo la pili la Kamusi ya Kiingereza ya Oxford, lililotolewa mwaka 1989 likiwa na majuzuu 20, neno lililopewa maelezo marefu kuliko mengine yote ni kitenzi "set", chenye herufi tatu na silabi moja tu. Maelezo hayo yalifikia takriban maneno 60,000, kiasi kinachotosha kujaza riwaya nzima, na ndani yake zilibainishwa maana zaidi ya 430, zikiwamo zile zinazojitokeza pale kitenzi hicho kinapofuatwa na vijineno kama "up", "off", "out" na "in". Takwimu hizi zimerudiwa mara nyingi katika vitabu vya maajabu ya dunia, kana kwamba wingi wa maana ni sifa ya kimaumbile ya neno, kama shingo ilivyo kwa twiga. Historia ya kamusi za Kiingereza inaonyesha jambo tofauti: maana hizo zilihesabika kwa sababu walikuwapo watu walioamua kuzitafuta, na kwa karibu karne nzima tangu kamusi ya kwanza ya lugha hiyo ichapishwe hakuna aliyeona kwamba kazi hiyo ilihitajika.

Kamusi hiyo ya kwanza iliandaliwa na mwalimu wa shule aliyeitwa Robert Cawdrey na kutolewa London mwaka 1604, ikiwa na maneno yapatayo 2,500. Shabaha yake ilikuwa kufafanua maneno magumu, hasa yale yaliyokuwa yakiingia kwa wingi kutoka Kilatini, Kigiriki, Kiebrania na Kifaransa, kwa ajili ya wasomaji ambao hawakupata elimu ya lugha hizo. Kwa mtazamo wa Cawdrey na waliomfuata, kueleza neno ambalo hata mtoto mdogo analitumia kila siku kungekuwa kupoteza wino. Mwaka 1702 ndipo John Kersey alipotoa kamusi iliyoyaingiza maneno ya kawaida kwa makusudi, nayo iliyaeleza kwa ufupi mno, mara nyingine kwa kutaja tu kwamba neno fulani ni jina la mnyama au la chombo. Desturi ya kuzitenga maana za neno moja na kuzipa namba ilianza kushika mizizi katika kamusi ya Benjamin Martin ya mwaka 1749, miaka sita kabla ya kazi iliyoifunika kabisa.

Kazi hiyo ni kamusi ya Samuel Johnson, iliyochapishwa tarehe 15 Aprili 1755 ikiwa na vidahizo 42,773, yaani maneno makuu yanayoorodheshwa kwa alfabeti ili yafafanuliwe, na mifano ipatayo 114,000 iliyotolewa katika maandishi ya waandishi waliotangulia. Johnson aliandika akiwa na makarani sita tu, wengi wao Waskoti, katika nyumba ya kupanga huko Gough Square, na njia yake ilikuwa kusoma vitabu kwanza, kupigia mstari sentensi zilizomfaa, kisha kuzipanga sentensi hizo kulingana na maana alizoziona ndani yake. Kwa kuwa alianza na matumizi badala ya kuanza na fasili, aligundua haraka kwamba taabu yake haikuwa katika maneno makubwa ya Kilatini, ambayo kwa kawaida yana maana moja au mbili zilizotulia, bali katika vitenzi vifupi ambavyo kila mtu huvitamka bila kufikiri. Kitenzi "take" peke yake kilimlazimu kutenga maana zaidi ya 130. Katika dibaji ya kamusi hiyo aliviorodhesha vitenzi vya namna hii, "set" na "run" vikiwamo, akakiri kwamba matumizi yake hayana mipaka ya kushikika na kwamba yanabadilika kila saa maadamu lugha iko hai katika vinywa vya watu. Alionya pia kuhusu vitenzi vinavyoungana na vijineno vya mahali, ambavyo mgeni hawezi kuvielewa kwa kujumlisha maana ya sehemu zake: katika Kiingereza cha siku zake "set off" ilimaanisha kupamba, "set in" kuanza kwa mfululizo usiokatika, na "set out" kushika safari. Ni mara chache katika historia ya taaluma hii mtunga kamusi kukiri kushindwa kwa uwazi wa namna hiyo, na pengine ndiyo sababu dibaji yake inasomwa hadi leo ilhali fasili zake nyingi zimesahauliwa.

Karne moja baadaye suala hilo lilirudi likiwa na sura ya kisayansi. Wanazuoni wa Kijerumani, akiwamo Franz Passow aliyeshughulikia Kigiriki mwanzoni mwa karne ya 19, walikuwa wameeneza rai kwamba kamusi iliache kila neno lisimulie maisha yake lenyewe, tangu lilipoonekana mara ya kwanza katika maandishi hadi lilipofikia matumizi ya sasa. Mwaka 1857 Chama cha Filolojia cha London, filolojia ikiwa ni elimu ya lugha kupitia maandishi ya kale, kiliunda kamati ndogo ya kukusanya maneno yaliyosahauliwa na kamusi zilizokuwapo, na mwezi Novemba mwaka huohuo mmoja wa wajumbe wake, kasisi Richard Chenevix Trench, alisoma mihadhara iliyozikosoa kamusi hizo vikali kiasi kwamba wazo la nyongeza likaachwa na badala yake kukapendekezwa kamusi mpya kabisa. Mhariri wa kwanza, Herbert Coleridge, alifariki mwaka 1861 akiwa na umri wa miaka 30 tu. Aliyempokea, Frederick Furnivall, alikuwa hodari wa kuanzisha vyama na dhaifu wa kumaliza kazi, hata ikawa vifurushi vya karatasi zilizokusanywa na wasomaji wa kujitolea vimetawanyika katika nyumba za watu ndani na nje ya Uingereza.

Mwaka 1879 mkataba ulitiwa saini kati ya Chama hicho na shirika la uchapishaji la Chuo Kikuu cha Oxford, na uhariri ukakabidhiwa James Murray, Mskoti mwana wa fundi cherehani, ambaye wakati huo alikuwa mwalimu katika shule ya Mill Hill karibu na London. Murray alijenga kibanda cha bati uani, akakiita Scriptorium kwa kufuata jina la vyumba vya wanakili wa zama za kati, akakijaza mashubaka zaidi ya elfu moja. Karatasi alizoletewa kutoka kwa Furnivall zilikuwa na uzito unaokaribia tani mbili. Katika gunia moja alikutwa panya aliyekufa, na katika jingine panya mzima aliyekuwa amezaa. Baadhi ya herufi zilikuwa mbali zaidi: karatasi za H zilipatikana Florence, na zile za maneno yanayoanza na "pa" nchini Ireland.

Hata hivyo kasoro kubwa ya karatasi hizo haikuwa vumbi wala panya. Wasomaji wa kujitolea, kila mmoja akiwa na kitabu chake, waliandika katika kipande cha karatasi sentensi yenye neno lililowavutia, pamoja na jina la mwandishi na mwaka, na kwa kawaida kinachomvutia msomaji ni neno asilolizoea. Matokeo yake, kama Murray alivyolalamika mbele ya Chama, kwa neno "abusion", ambalo lilikuwa limekwisha kufa, kulikuwa na mifano ipatayo 50, ilhali kwa neno hai "abuse" haikufika hata mitano. Makosa ya Cawdrey yalikuwa yamejirudia kwa mlango mwingine, kwani maneno ya kila siku yalipuuzwa tena, safari hii na watu waliodhani wanayatumikia. Katika mwito alioutoa mwaka 1879 kwa wasomaji wa Uingereza, Marekani na makoloni, Murray alisisitiza kwamba maneno ya kawaida nayo yanukuliwe, hasa pale matumizi yake yanapoonekana kuwa na sura ya pekee. Bila sisitizo hilo, ambalo wanahistoria wengi wa kamusi hulitaja kwa kupitia tu, neno kama "set" lingeingia katika kamusi hiyo likiwa na aya mbili au tatu.

Mkataba ulitarajia kazi ikamilike kwa miaka kumi. Sehemu ya kwanza, iliyotoka mwaka 1884, ilifika neno "ant". Murray alihamia Oxford mwaka uliofuata na kujenga Scriptorium nyingine katika bustani ya nyumba yake, barabara ya Banbury, na taratibu akaongezewa wahariri wenzake: Henry Bradley, kisha William Craigie, na mwishoni Charles Onions. Kwa mgawanyo wa herufi uliofanyika baina yao, Craigie alipata R, na kwa hiyo "run", na Bradley alipata sehemu ya kwanza ya S, na kwa hiyo "set", aliyoikamilisha kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Murray mwenyewe alibeba D, P na T, zenye "do", "put" na "take", na alifariki mwaka 1915 akiwa bado katika T.

Kazi ya Bradley ilianza na mgawanyo ambao kila mtunga kamusi hukutana nao, yaani kuamua kama neno lililo mbele yake ni moja au ni mengi. Neno moja lenye maana nyingi zilizotokana huitwa neno lenye polisemia. Maneno mawili au zaidi yenye asili tofauti yaliyoangukia umbo moja huitwa homonimu, kama ilivyo kwa "paa" la nyumba na "paa" wa porini katika Kiswahili. Kitenzi "set" ni neno moja la kale lenye asili ya Kigermanik, lililoandikwa "settan" katika Kiingereza cha Kale, yaani lugha iliyosemwa Uingereza kabla ya mwaka 1100 hivi, nalo lilikuwa kauli ya kutendesha ya kitenzi cha kukaa, "sittan". Uhusiano wa "set" na "sit" kwa hiyo ni uleule wa "ketisha" na "keti", isipokuwa Kiswahili kinauonyesha kwa kiambishi kinachoonekana wazi, na Kiingereza kiliuonyesha kwa badiliko la irabu ambalo wasemaji wa leo hawalitambui tena.

Uhusiano huo ukishafahamika, sehemu kubwa ya msitu wa maana huanza kuwa na njia. Kukifanya kitu kikae ni kukiweka. Kukiweka mahali pake panapostahili ni kukiweka sawa, ndipo mfupa uliovunjika "unapowekwa", kazi ambayo kwa Kiswahili ni ya mhazigi anayeunga. Kukiweka sawa kwa ajili ya tukio lijalo ni kukitayarisha, ndipo meza inapoandaliwa, mtego unapotegwa na saa inaporekebishwa. Kuiweka siku ni kuipanga. Kitu kilichowekwa hutulia, na kilichotulia huwa kigumu, kwa hiyo saruji na asali nazo "set" zinapoganda. Kuku naye alikalishwa juu ya mayai, na sonara aliketisha kito ndani ya pete. Hata kuzama kwa jua, ambako kwa mtazamo wa haraka hakuhusiani na lolote kati ya haya, kulitokana na picha ya jua kushuka na kukaa, na msemaji wa Kiswahili hana sababu ya kushangaa, kwa kuwa naye husema jua limetua, kwa kitenzi kilekile kinachotumika kwa ndege kwenye tawi na mzigo unaoshushwa kichwani.

Nomino "set" ndiyo iliyoleta utata wa kweli. Kwa sehemu ilitokana na kitenzi hicho, lakini kwa sehemu ilitoka katika Kifaransa cha Kale, "sette", chenye asili ya Kilatini "secta", neno lililomaanisha wafuasi wa mtu au wa mafundisho fulani na ambalo ndilo lililozaa pia jina la madhehebu katika lugha nyingi za Ulaya. Kwa njia hii ya pili "set" ilikuja kumaanisha kundi la watu wa namna moja, kisha vitu vinavyokwenda pamoja. Lakini kwa kuwa vitu vilivyowekwa pamoja navyo ni kundi, wasemaji wenyewe walikuwa wamekwisha kuzichanganya asili hizo mbili karne kadhaa kabla mwanazuoni yeyote hajajaribu kuzitenganisha. Hapa ndipo mstari kati ya polisemia na homonimia unapofifia, na mtu anayetaka hesabu kamili ya maana za neno hilo analazimika kwanza kuamua hesabu hiyo ni ya neno lipi. Wanahisabati walipohitaji neno la Kiingereza kwa dhana ambayo Georg Cantor aliianzishia nadharia yake katika miaka ya 1870 kwa Kijerumani, walichagua "set" ya kundi, na hivyo neno lililotokana na wafuasi wa dini likawa msingi wa hisabati ya karne ya 20.

Wakati Bradley na wenzake wakichambua karatasi zao, matbaa hiyohiyo ya Oxford ilichapa kazi mbili za Arthur Cornwallis Madan, mmisionari wa Kianglikana aliyefanya kazi Zanzibar: kamusi ya Kiingereza na Kiswahili mwaka 1894, na ya Kiswahili na Kiingereza mwaka 1903. Mtunga kamusi ya lugha mbili yuko katika hali ngumu kuliko yule wa lugha moja kwa namna fulani, na nyepesi kwa namna nyingine, kwa kuwa lugha ya pili humwamulia wapi pa kukata. Mahali ambapo Mwingereza husikia neno moja, Kiswahili kina weka, tega, andaa, panga, unga, ganda, atamisha na tua, na hakuna anayeweza kudai kwamba hizo si maana tofauti. Kinyume chake nacho ni kweli, kwani "piga" kwa Mswahili huingia katika simu, pasi, picha, kura, hodi, magoti, deki na soga bila msemaji kuhisi kwamba anaruka kutoka jambo moja hadi jingine, na atakayekipeleka kitenzi hicho katika Kiingereza hutafuta neno jipya kila mara.

Kamusi ya Oxford ilikamilika mwaka 1928, ikiwa na vidahizo 414,825 na mifano 1,827,306, bila Murray na bila Bradley, aliyefariki mwaka 1923. Juzuu la nyongeza lilifuata mwaka 1933, na mengine manne chini ya uhariri wa Robert Burchfield yalitoka kati ya mwaka 1972 na 1986. Toleo la mwaka 1989, ambalo ndilo linalotajwa kila rekodi ya "set" inapotajwa, kwa sehemu kubwa halikuwa uchunguzi mpya: maandishi ya zamani na nyongeza zake yaliingizwa katika kompyuta na kuunganishwa. Maana nyingi kati ya hizo 430 na zaidi ni zile alizozipanga Bradley kwa mikono yake, akitumia karatasi zilizokusanywa kabla ya redio, televisheni na kompyuta kuwapo.

Marekebisho ya kweli yalianza kuonekana mwaka 2000, kamusi ilipowekwa kwenye intaneti na wahariri wakaamua kuanzia M badala ya A, wakiepuka kurasa za mwanzo ambazo Murray aliziandika akiwa bado anatafuta utaratibu wake. Uamuzi huo wa kiutawala ulikuwa na tokeo ambalo waandishi wa habari walilisoma vibaya. "Make", kilichomo ndani ya M, kilipita urefu wa "set" mara tu kiliporekebishwa. Mwaka 2007 "put" kikapita "make". Na mwaka 2011 "run" kikatangazwa kuwa na maana 645 kwa kitenzi peke yake, baada ya mhariri Peter Gilliver kukishughulikia kwa takriban miezi tisa.

Asili ya "run" ina mkanganyo wake. Kiingereza cha Kale kilikuwa na kitenzi sielekezi, yaani kisichohitaji mtendwa, kilichomaanisha kukimbia na kutiririka, na pembeni yake kitenzi elekezi kilichomaanisha kukimbiza, hasa farasi. Walowezi wa Skandinavia waliohamia kaskazini mwa Uingereza kuanzia karne ya 9 walileta jozi yao inayofanana, na vyote vinne viliyeyuka kuwa kimoja. Kutoka hapo maji yalitiririka kwa kitenzi hicho, barabara zikapita nacho mabondeni, na mitambo ya mvuke ilipoenea katika karne ya 18 na 19 ikawa nayo "hukimbia", kisha treni kwa ratiba, kisha kiwanda na biashara nzima. Nchini Marekani mgombea urais hukimbilia cheo, ilhali nchini Uingereza mgombea ubunge husimama. Kompyuta zilipokuja, programu nazo zilipewa kitenzi hichohicho cha mitambo. Kiswahili katika nafasi nyingi za hizi kimetosheka na "endesha", na kwa siasa kikachagua "gombea".

Mwandishi Simon Winchester alieleza ushindi wa "run" kuwa ni dalili ya zama zenye haraka, zilizochukua nafasi ya zama za utulivu zilizowakilishwa na "set". Rai hiyo inavutia, na kwa upande wa mitambo ina ukweli, ila inalinganisha vitu viwili ambavyo havikupimwa kwa kipimo kimoja. "Set" ya mwaka 1989 ilikuwa bado "set" ya karatasi za Bradley. "Run" ya mwaka 2011 ilichunguzwa kwa hazina za maandishi ya kidijitali ambazo kwa dakika chache humpa mhariri mifano mingi kuliko aliyoipata Murray kwa miaka. Isitoshe, wahariri wenyewe hutofautiana kwa tabia: wapo wanaopenda kukusanya matumizi yanayokaribiana chini ya maana moja pana, na wapo wanaopenda kupasua kila tofauti ndogo na kuipa namba yake, na neno lilelile likipita mikononi mwa mmoja hutoka na maana 50 pale ambapo mwingine angeona 200.

Lugha zilizoazima maneno haya hazikuazima wingi huo. Kiswahili kilichukua "seti" kwa vikombe vya chai, kwa mchezo wa tenisi na wa voliboli, na kwa somo la hisabati, kisha katika mazungumzo ya mafundi na ya vijana kikapokea kitenzi "kuseti" kwa saa, simu na mitambo. Nomino hiyo kwa sehemu kubwa ni ya ukoo wa "secta", na kitenzi ni cha ukoo wa "settan", kwa hiyo koo zote mbili zilifika Afrika Mashariki, kila moja ikiwa na maana chache za karibuni. Jua, mfupa na kuku wa kuatamia vilibaki Uingereza, kwa kuwa kwa Kiswahili vilikuwa vimekwisha kupata maneno yake.